Idara Isiyotambua Mteremko

Jumatatu, tarehe 3 Machi. Hali ya hewa asubuhi: ukungu umejaa bonde mpaka kwenye kizingiti cha dirisha, barafu nyembamba juu ya madimbwi ya uani, jua halijaripoti kazini.

Siku hiyo, saa mbili na dakika arobaini, Idara ya Njia za Baiskeli za Milimani ilitangaza rasmi kwamba bonde letu, ambalo tangu kuumbwa kwa dunia lilikuwa na njia za kwenda juu na za kwenda chini, kuanzia sasa litakuwa na za kwenda juu tu. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa gundi. Kwa kuwa gundi ilikuwa imeganda kwa baridi, mlinzi alilishikilia kwa mkono mpaka saa nne, jua lilipopanda na gundi ikakubali.

Mimi ndiye niliyeliandika. Ni karani wa mihtasari. Idarani niliingia kama mfagizi, na kuandika vizuri nimejifunza ukubwani, kwenye madarasa ya jioni. Mwalimu alikuwa akituambia kwamba anayeandika muhtasari ni shahidi, na shahidi haongezi wala hapunguzi. Kwa hiyo yaliyomo humu ndiyo yaliyotokea. Nimeomba kabla ya kuanza, na nikimaliza nitaomba tena.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la rangi. Tuko wanne, ukiacha mlinzi wa mlangoni: Mkurugenzi, ambaye huvaa koti lake hata akiwa ndani kwa sababu hita iliharibika mwaka juzi, Mhandisi, msichana makini ambaye viatu vyake vina udongo wakati wote, Mtunza Mhuri, ambaye hutembea na mhuri mfukoni na kulala nao chini ya mto, na mimi. Kila kikao huanza kwa sala, na mwombaji ni mimi. Sala ndiyo kipengele namba moja cha ajenda, na ndicho pekee ambacho humalizika kwa wakati.

Asubuhi hiyo, mezani kwa Mkurugenzi kulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa waraka kutoka Makao Makuu, wenye kichwa cha habari: KUPAMBANA NA MTEREMKO KATIKA UTUMISHI. Kila mtu anajua maana yake. Mtu akipata cheo kwa sababu mjomba wake ni mkubwa, watu husema, "Huyo kapata mteremko." Makao Makuu yalikuwa yamechoka na hayo. Kila idara ilitakiwa kuonyesha, kwa ushahidi wa picha, jinsi ilivyoung'oa mteremko.

Karatasi ya pili ilikuwa ripoti ya Mhandisi. Alikuwa amechora njia tatu kutoka kwenye misonobari ya kule juu mpaka bondeni, zenye kona zilizoinuliwa ukingo, matuta ya kurukia na vidaraja vya magogo. Wageni wangekuja na baiskeli zao kutoka mbali. Katika ripoti hiyo neno mteremko lilitokea mara arobaini na moja.

Mkurugenzi aliisoma mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Mhandisi, umeandika hapa 'mteremko wa mita mia tano'."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Ndio uzuri wake. Hakuna bonde jingine lenye mteremko kama huu."

"Unajivunia!"

"Wageni wote watafuata huo, Mheshimiwa."

"Watafuata nini?"

"Mteremko."

Mtunza Mhuri alishika mfuko wake wa koti, kana kwamba mhuri ungesikia.

"Na ukurasa wa sita," Mkurugenzi akaendelea. "'Idara itaandaa mteremko mkali kwa wazoefu, na mteremko mwepesi kwa watoto.' Kwa watoto, Mhandisi! Yaani tunawaanza wakiwa wadogo!"

"Ndivyo mambo yanavyoharibika," akasema Mtunza Mhuri.

"Mheshimiwa, ni mlima," Mhandisi akasema. "Mlima una mteremko. Si kosa lake."

"Karani," akasema Mkurugenzi. "Kamusi."

Kamusi ya ofisi ni yangu. Nilipewa zawadi na mwalimu siku ya cheti. Vidole vilikuwa na ganzi. Nilifungua kurasa, nikaliona neno juu kabisa ya ukurasa wa kushoto, nikasoma kwa sauti: "Maana ya pili: hali ya kupata kitu bila kukitolea jasho." Maana ya kwanza ilikuwa mwisho wa ukurasa uliotangulia, upande wa pili wa karatasi ileile. Nililowesha kidole ili nifunue.

"Inatosha," akasema Mkurugenzi.

Nikakausha kidole. Kisha nikaandika, kwa sababu ndiyo kazi yangu: *Mkurugenzi alisema inatosha.*

Kufikia saa mbili na nusu tulikuwa na maazimio. Neno mteremko lifutwe mahali pote arobaini na moja, na badala yake liandikwe mpando, neno ambalo sikulikuta kwenye kamusi lakini lilipitishwa bila kupingwa. Njia zote ziwe za kupanda. Atakayeonekana akiteremka katika njia za Idara atahesabiwa amepata mteremko, na baiskeli yake itakamatwa.

"Mheshimiwa," Mhandisi akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "mtu akipanda, halafu akataka kurudi alikoanzia, lazima ateremke."

"Hayo ni mawazo ya kukata tamaa."

"Ni hesabu."

"Basi hesabu nayo ijirekebishe."

Ukutani kulikuwa na kibao cha zamani kilichoandikwa *Aliye juu mngoje chini*. Mkurugenzi alikitazama, akaona kina uchochezi. Kiliondolewa, kikawekwa kingine: *Aliye juu mfuate hukohuko.* Siku iliyofuata vibao vya rangi nyekundu vilichomekwa kila baada ya hatua hamsini: HAPA HAKUNA MTEREMKO. PANDA KWA JASHO LAKO. Na kwa kuwa baiskeli inayopanda tu haihitaji kuzuiwa, breki za baiskeli zote za Idara zilifunguliwa, zikahesabiwa, zikafungiwa kabatini.

Wiki hiyohiyo walikuja wageni wetu wa kwanza, wawili, wenye baiskeli za bei ya nyumba. Walipanda saa mbili nzima. Walipofika juu walimwuliza mlinzi wa kule njia ya kushukia, naye akawapa fomu. Wakaisoma, wakatazamana, wakashukia upande wa pili wa mlima, katika bonde la idara nyingine. Niliandika kwenye takwimu: *Wageni waliopanda: wawili. Malalamiko ya waliorudi: hakuna.* Mkurugenzi alifurahi sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilipaswa kulitangaza mapema. Nililitangaza kikaoni, na limo kwenye muhtasari: *Karani alieleza kwamba ana mama.*

Mama yangu anaishi kule juu, kwenye nyumba kumi na moja zilizo kando ya misonobari. Wote kule hufuga ng'ombe. Maziwa hukamuliwa alfajiri, hutiwa kwenye madumu, na wabeba maziwa wanane huyafunga kwenye karia za baiskeli na kuyashusha mpaka kituo cha maziwa bondeni. Njia wanayopita waliitengeneza wao, kwa majembe na kwa magurudumu, kabla Idara haijazaliwa. Ilikuwa inaitwa Njia ya Maziwa. Kwa baiskeli ni dakika ishirini na tano. Kituo hufunga dirisha la kupokea saa tatu kamili, wala hakibembelezwi.

Katika maendeleo yetu, Njia ya Maziwa ilikuwa imekuwa Mpando Namba Moja.

Kiongozi wa wabeba maziwa ni mke wa mdogo wangu. Ni fundi baiskeli. Huchomeka spoku kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kitana, na ndiyo sababu watu humwita Mama Spoku. Tarehe tano alipanda ngazi za ofisi, akasimama mlangoni na harufu ya grisi.

"Shemeji, nyie mmefanya nini na njia yetu?"

"Imeendelezwa," nikasema.

"Imeendelezwa mpaka imekwenda wapi? Maana mimi siioni."

Mkurugenzi akainua kichwa. "Mama, karibu. Shida ni nini?"

"Shida ni hivi, Mheshimiwa. Maziwa yako juu. Kituo kiko chini. Nipite wapi?"

"Panda."

"Nipande wakati niko juu?"

"Tatizo la watu wetu," Mkurugenzi akamwambia Mtunza Mhuri, "ni kuridhika haraka."

Mama Spoku akanigeukia. "Shemeji, huyu yuko sawa?"

"Yuko kikaoni," nikajibu.

Akatoa barua iliyokunjwa mara nne. Kituo cha maziwa kilikuwa kimeandika kwamba wafugaji wa juu wamechelewa siku mbili mfululizo. Wakiendelea hivyo mpaka mwisho wa wiki ijayo, nyumba zote kumi na moja zitafutwa kwenye daftari la wauzaji, na nafasi yao watapewa wengine.

"Wakitufuta, kule juu hatuna kitu kingine," akasema, na hapo hakuwa akitania. "Ng'ombe watauzwa. Mama atahamia wapi? Kwako, shemeji? Una chumba kimoja na kamusi."

Mtunza Mhuri ni mtu wa busara za aina yake. Alifikiri, akakuna kidevu, akasema: "Mtu anayekwenda chini huku uso wake umetazama juu, kwa mtazamo, anapanda."

Mkurugenzi alisimama, akampa mkono. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kanuni ya Saba: wananchi wanaruhusiwa kwenda chini kwa miguu, kinyumenyume. Ilipigwa mhuri hapohapo. Mama Spoku aliisoma mara mbili, kisha akachomoa spoku kwenye nywele, akaitazama, akairudisha. Nadhani alikuwa akiomba, ingawa si sala ninayoijua.

Kesho yake alfajiri wabeba maziwa waliziacha baiskeli zao kwenye zizi la mama yangu, wakajitwika madumu, wakaanza kurudi nyuma. Mama alikuwa mlangoni. Alipowaona wote wanane wakiondoka huku wakimtazama, hatua kwa hatua, alidhani nyuma yake kuna chui. Akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo.

Walifika kituoni saa nne na robo. Madumu mawili yalikuwa yamemwagika, mbeba maziwa mmoja alikuwa ameteguka kifundo cha mguu, na dirisha lilikuwa limefungwa. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Kituo, kwa huruma, kilituma barua ya mwisho: kitawapa nafasi mpaka Jumatatu tarehe 31. Maziwa yasipofika siku hiyo kabla ya saa tatu, kalamu itapita.

Kila alfajiri niliposali, ukurasa ule ulinijia. Nilikuwa naona kidole changu kikiwa kimelowa na hakijafunua. Mara mbili nilibeba kamusi mpaka mlangoni kwa Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, kuhusu lile neno. Kuna maana ya kwanza."

"Karani, ajenda ile ilifungwa."

"Ni mstari mmoja tu, Mheshimiwa."

"Mistari ndiyo inayoharibu watu. Nenda kaandae sherehe."

Jumatatu, tarehe 31 Machi. Hali ya hewa asubuhi: anga safi, theluji kileleni inang'aa, baridi ya kufanya masikio yajisikie ya mtu mwingine. Ilikuwa siku ya uzinduzi wa Mpando Namba Moja.

Mpango ulikuwa hivi. Mkurugenzi angepanda njia yote kwa baiskeli, kwa jasho lake, na mpiga picha wa gazeti angempiga picha ya kupeleka Makao Makuu. Saa tatu kamili Katibu Mkuu angepiga simu ofisini. Haikusemwa ni ya nini, lakini Mkurugenzi alikuwa amenunua tai mpya, na alikuwa akitamka neno "kupandishwa" kwa sauti ya chini kila alipodhani hatumsikii. Simu ya mkononi haishiki kule juu. Kwa hiyo ilikuwa lazima awe ofisini saa tatu.

Alipanda. Namaanisha kwamba alikaa kwenye kiti cha baiskeli na wabeba maziwa wanne wakaisukuma. Mpiga picha aliombwa mikono isionekane. Mhandisi, Mtunza Mhuri na mimi tulitangulia kwa miguu. Saa mbili na dakika kumi, mbele ya zizi la mama yangu, Mkurugenzi alikata utepe uliofungwa kati ya misonobari miwili.

"Ndugu wananchi," akasema, akihema kwa niaba ya waliomsukuma, "leo tumeuzika mteremko!"

Ng'ombe mmoja alilia. Mtunza Mhuri alipiga makofi. Mama Spoku alikuwa ameketi juu ya madumu ya maziwa, kumi na sita kwa hesabu, akitazama saa.

"Vizuri," akasema Mkurugenzi, akirekebisha tai. "Gari langu liko wapi?"

"Chini, Mheshimiwa," nikasema. "Huku hakuna barabara ya gari."

"Basi twendeni."

Hakuna aliyesogea.

"Twende wapi, Mheshimiwa?" akauliza Mtunza Mhuri, kwa heshima kubwa na hofu kubwa zaidi.

Mkurugenzi alitazama njia. Ilianzia miguuni pake, ikapita kati ya misonobari, ikapotea kwenye ukungu wa bondeni. Kila baada ya hatua hamsini kilikuwepo kibao chekundu chenye saini yake. Mpiga picha naye alikuwa amesimama palepale, kamera kifuani, akisubiri kuona mkuu anarudije. Ndipo nikaelewa, na nadhani Mkurugenzi alielewa muda uleule, kwamba mpango wa sherehe ulikuwa na ukurasa wa kupanda tu.

"Kanuni ya Saba," akasema hatimaye, akajigeuza, akaanza kwenda kinyumenyume.

Mama yangu alitoka na fimbo yake. Ana miaka themanini na mbili na sikio la kushoto limechoka.

"Huyu ndiye mkubwa wenu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona anarudi nyuma?"

"Ni kanuni, mama."

"Maskini. Kaanza lini?"

Mkurugenzi alitimiza hatua kumi na moja. Ya kumi na mbili haikuwa hatua. Ng'ombe kumi na wanne hupita pale kila siku kwenda kunywa maji, na ardhi ya pale ni laini, kwa sababu ya maji na kwa sababu nyingine. Aliketi humo na tai yake. Mpiga picha hakuombwa kuacha kitu chochote kisionekane, kwa hiyo alipiga.

Mama Spoku hakucheka. Alisema tu, "Pole, Mheshimiwa. Usikate tamaa. Ukiendelea kwa mwendo huo, adhuhuri utakuwa umefika."

"Saa ngapi sasa?"

"Mbili na dakika ishirini na mbili."

"Na kwa baiskeli ni muda gani?"

"Dakika ishirini na tano, kwa mteremko."

"Usilitaje neno hilo!"

"Basi muda wa saa mbili na nusu, kwa mpando."

Mkurugenzi aliinuka, akaikamata baiskeli aliyokuja nayo, akaminya usukani. Vidole vilikutana na hewa.

"Breki ziko wapi?"

"Kabatini, Mheshimiwa," akasema Mtunza Mhuri. "Zimehesabiwa. Hakuna hata moja iliyopotea."

Mama yangu alikuwa amemsogelea, akimkung'uta koti kwa kiganja kama anavyonikung'uta mimi. "Baba," akamwambia, "zamani tulikuwa tunasema aliye juu mngoje chini. Mimi miguu haina nguvu tena, basi nimekungoja hukuhuku."

Nilisali kwa kifupi, bila kufumba macho. Kisha nikafungua mkoba, nikatoa kamusi. Safari hii nililowesha kidole na nikafunua.

"Mheshimiwa, kuna ukurasa uliobaki. Maana ya kwanza: sehemu ya ardhi inayoelekea chini."

Upepo ulipita kwenye misonobari. Mkurugenzi aliichukua kamusi, akasoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Maana hii imeingia humu lini?"

"Tangu ilipochapishwa, Mheshimiwa."

"Na kwa nini hukunisomea?"

Nilifungua daftari la mihtasari. "Tarehe tatu Machi, kipengele cha nne. 'Mkurugenzi alisema inatosha.'"

Mhandisi aligeuka kutazama theluji. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na mimi niliandika kwamba ni kwa baridi.

Mkurugenzi si mtu wa kukaa muda mrefu kwenye matope. "Wote wanne tupo, Kamati imetimia," akasema. "Kikao cha dharura. Karani, andika: kwa leo tu, na kwa viongozi tu, mteremko utatambuliwa kwa maana yake ya kwanza. Piga mhuri."

Mtunza Mhuri alipiga, juu ya mgongo wa ng'ombe aliyekuwa karibu, kwa kuwa hapakuwa na meza. Ng'ombe aliridhia.

"Vizuri. Sasa naomba baiskeli yenye breki."

Baiskeli zenye breki zilikuwepo nane, zizini, zimepakwa mafuta na kujazwa upepo. Mama Spoku alisimama mlangoni pa zizi.

"Kwa leo tu?" akauliza.

"Kwa kuanzia."

"Kwa viongozi tu?"

"Mama, nina simu ya saa tatu!"

"Na mimi nina dirisha la saa tatu. Tofauti yetu, wewe simu ikikatika itapigwa tena." Akakaa kwenye kizingiti, akachomoa spoku, akaanza kusafishia kucha. "Sikiliza, Mheshimiwa. Umekwishapiga mihuri mingi kwenye njia hii, na mihuri yote imenirudisha nyuma. Leo sitaki mhuri. Nataka mdomo wako. Useme hapa, mbele ya mama, mbele ya hawa watu, na mbele ya huyo mwenye kamera. Halafu ubebe dumu mbili kwenye karia kama sisi, ili pasiwe na mtu wa kusema umepata mteremko bila jasho."

"Hilo linakidhi waraka," akasema Mtunza Mhuri, akiwaza. "Linakidhi kabisa."

Saa mbili na dakika ishirini na nane Mkurugenzi aliahidi, kwa sauti ndogo, akitazama viatu. Mama yangu akaweka kiganja nyuma ya sikio.

"Hee? Rudia, baba. Sikio hili bovu."

Akarudia. Maneno yale nitayaandika mwisho, kwa sababu mwalimu alitufundisha kwamba muhtasari haumaliziki kwa habari, humalizika kwa azimio. Kwanza niseme yaliyofuata.

Baiskeli zilitoka zizini, zote nane. Mbeba maziwa aliyeteguka mguu alimwachia Mkurugenzi yake. Mama Spoku alitangulia, kengele ikilia, na Mkurugenzi akafuata na madumu mawili nyuma yake. Sisi tuliobaki juu tulisikia kona ya kwanza kwa sauti yake. Alipiga ukelele. Kona ya pili alipiga ukelele mwingine, lakini huu, Mhandisi alinishika mkono ili nisikie vizuri, huu ulikuwa wa furaha. Kufikia vidaraja vya magogo alikuwa anaimba.

Maziwa yalifika dirishani saa tatu kasoro dakika nne. Madumu yote kumi na sita. Mpokeaji alionja, akaandika, akafunga daftari bila kumfuta mtu. Saa tatu kamili Mkurugenzi alipanda ngazi za ofisi akiwa amelowa maziwa, matope na jasho la kweli, na simu ikalia. Mlinzi, ambaye alikuwa amejikausha pale ndani akisikiliza, amenipa ushahidi wake kwa kiapo.

"Mkurugenzi," Katibu Mkuu alisema, "kabla sijatangaza lolote kuhusu kupandishwa kwako, nina swali moja tu. Katika Idara yako, kuna mtu yeyote aliyepata mteremko?"

Na Mkurugenzi, akiwa bado anahema, macho yanang'aa, upepo haujamtoka masikioni, alijibu: "Mimi mwenyewe, Mheshimiwa! Mita mia tano! Sijawahi kupata raha kama hii tangu nizaliwe!"

Simu ilikatika, na mpaka ninapoandika haijapigwa tena.

Hili hapa ndilo azimio, kama lilivyotamkwa kwa mara ya pili, kwa sauti ya kusikika na sikio bovu, saa mbili na dakika ishirini na tisa, mbele ya mama yangu, wabeba maziwa wanane, Kamati nzima, mpiga picha, na ng'ombe kumi na wanne, mmoja wao akiwa na mhuri:

"Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Njia za Baiskeli za Milimani, naahidi kwamba njia hii ni ya maziwa, ni ya kupanda na ya kuteremka, leo na kesho, kwa mkubwa na kwa mdogo, na siku yoyote itakapofungwa tena, kwa saini ya mtu yeyote, madumu yote kumi na sita nitayashusha mimi peke yangu, kwa miguu, kinyumenyume, mpaka ifunguliwe."